Kikombe cha Mke wa Nahodha

Mjomba wangu alikuwa na banda la video Kunduchi, na mimi nilikuwa mdomo wake. Hilo jina walinipa akina mama wa pale. "Mdomo kafika?" waliuliza wakiingia, na kama sijafika walikaa wakapiga soga zao, kwa maana filamu bila mimi ilikuwa Wazungu wanaofoka tu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Matokeo yangu yalitia huruma katika kila somo isipokuwa Kiingereza, na baba alikwisha kukata tamaa ya kuniona nimekaa ofisini. Mjomba ndiye aliyeona kwamba hicho Kiingereza kimoja kinaweza kufanya kazi.

Banda lenyewe lilikuwa la mabanzi na mabati. Madirisha tuliyaziba kwa karatasi za mifuko ya saruji, ambazo kwetu hazikuwa tabu kuzipata, kwa sababu kiwanda kiko Wazo, pua na mdomo, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayefanya kazi huko au anayemfulia mtu anayefanya kazi huko. Ukigusa dirisha, vidole vilitoka na vumbi la kijivu. Palikuwa na televisheni moja, deki moja na mabenchi manane. Wanaume walikuwa na siku zote za wiki na filamu zao za ngumi. Jumapili, kati ya adhuhuri na alasiri, palikuwa petu. Mjomba aliwatoa wanaume wote, akaweka kiti chake cha chuma nje ya mlango, na akina mama wakaingia na khanga zao, watoto wachanga na kazi zao za mikono. Bila mpangilio huo baba asingeniruhusu hata siku moja.

Mimi nilisimama pembeni ya televisheni, nimeshika kipande cha mwanzi cha kuonyeshea, nikatafsiri. Kutafsiri ni neno la heshima. Kwa kweli nusu nilisikia na nusu nilijazia, wala sioni haya kulisema sasa. Mtu aliyesoma Kiingereza cha ubaoni, kisha akakutana na Mmarekani anayekimbia huku risasi zinalia, atanielewa. Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu. Mtu akiuliza swali katikati ya filamu nilimwambia angoje, na mtu akinisahihisha nilimkata jicho.

Katika filamu zote tulizoonyesha, waliyoipenda zaidi ilikuwa moja ndefu ya mambo ya anga za juu. Dunia imekauka. Watu wamehamia sayari nyingine yenye mchanga mwekundu, na huko nako maji yanakaribia kwisha, basi nahodha mmoja anapewa chombo akatafute sayari ya tatu. Anamwacha mkewe katika nyumba ndogo jangwani. Asubuhi ya kuondoka anakunywa chai nusu kikombe, chombo kinaita, anakiacha kikombe mezani na kutoka mbio, na mke anabaki anakiangalia. Nilipowaeleza kwamba huko aendako mume siku moja ni sawa na mwezi mzima wa nyumbani, mama mmoja muuza maandazi akasema, "Basi ni Ulaya hiyo, si kwingine." Banda zima likacheka, isipokuwa jirani yangu.

Jirani yangu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa kofia za viua, zile nyeupe ambazo kila kitobo kinazungushiwa uzi kwa mkono. Alikaa siku zote karibu na mlango apate mwanga wa kushonea. Mumewe alikuwa amezamia meli, yaani alijificha ndani ya meli ya mizigo pale bandarini akaenda zake Ulaya bila tiketi, kama walivyofanya vijana wengi wa Dar miaka ile. Ilikuja barua moja, yenye stempu ya Ugiriki. Baada ya hapo kimya, miaka saba. Na kila Alhamisi katika miaka hiyo saba jirani yangu aliifua kofia ya mumewe, akaitia wanga, akaivalisha kwenye faroma, lile gogo la kunyooshea kofia, na kuianika barazani iwe tayari kwa Ijumaa. Sisi tulioishi upande wa pili wa ua tuliizoea. Kofia ile ilikuwa ndiyo kalenda yetu, mama akiiona alinituma nazi za Ijumaa.

Sasa, kanda ya filamu hiyo ilikuwa na kasoro. Dakika chache kabla ya mwisho, nahodha akiwa amegeuza chombo chake, hatujui anarudi au vipi, picha ilicheza mistari, mara tukaona bibi harusi kakaa kwenye zulia anapakwa hina. Mtu aliyetuuzia kanda alikuwa amerekodi harusi ya kwao juu yake. Mjomba alikimbilia deki kuizima. Na wanawake thelathini wakanigeukia mimi.

"Enhe? Karudi?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini jamani, nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanzi mkononi, na watu wazima thelathini wananitazama mdomoni. Nikasema nimekwisha kuiona yote kwenye kanda nyingine, mjini. Nikasema nahodha alirudi. Alimkuta mkewe mlangoni, kikombe bado kipo mezani, wakaleta maji, mchanga wote ukaota majani. Nilieleza vizuri hata mimi nikasisimka. Muuza maandazi alilia waziwazi.

Wakaanza kubishana, kwa sababu akina mama wa kwetu hawakubali filamu iishe bila kuihukumu. Mmoja alisema yule mke alikuwa mjinga, miaka yote ile angeolewa. Mwingine akasema angeolewaje naye ana mume? Bibi mmoja aliyetusomesha sote juzuu pale mtaani, tuliyemwamkia tukiwa bado mbali, akatoa hukumu yake.

"Mume akipotea, mke anakwenda kwa sheikh. Sheikh anachunguza, akiona hana habari anamvunjia ndoa, anakaa eda yake, basi. Dini haikumfunga mtu kamba."

"Hata akipotelea angani, bibi?"

"Angani, baharini, yote mamoja. Kama haleti matumizi, kapotea."

Tulicheka mpaka mjomba akagonga mlango kuuliza kuna nini. Jirani yangu alikata uzi kwa meno, akakunja kazi yake. Wakati wa kutoka alinishika bega akasema, "Umeieleza vizuri mdogo wangu. Mie nilijua tu atarudi." Nikaona raha sana. Nilirudi nyumbani natembea kwa madaha.

Raha hiyo ilidumu kama miezi miwili.

Siku moja mchana nilikuwa nimekalia mbuzi nakuna nazi, mama yupo jikoni anachambua mchele, akaanza kunung'unika juu ya jirani. Ikawa hivi. Fundi mmoja wa mitambo wa kule kiwandani, mtu wa Tabora, mgane, mpole mno, alikuwa amemwona jirani akipeleka kofia zake dukani, akaulizia, akaambiwa habari zake. Hakwenda kumsumbua njiani. Alikuja kwa mama yangu kwa heshima zake zote, vumbi la saruji bado kwenye kope, akaomba ampelekee maneno: yupo tayari kungoja mpaka sheikh amalize mambo ya ndoa ya zamani, ila apate jibu kabla ya Ramadhani. Kwao mama yake amekwisha kumtafutia mtu, na kama huku hakuna jibu atarudi Tabora moja kwa moja.

"Sasa nimempelekea habari," mama akasema, "kakataa. Mtu kama yule! Na we unajua kasema nini?"

"Kasema nini?"

"Eti atasubiri. Eti hata yule nahodha wenu alirudi."

Mama alicheka, akaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilitaka kusema papo hapo, mama, yule nahodha hakurudi, nilimrudisha mimi. Nilikuna ile nazi mpaka nikafika kwenye kifuu, na mama akanigombeza kwamba tui litakuwa la kahawia.

Nilijaribu kujitetea moyoni. Mtu mzima hawezi kukataa posa kwa ajili ya filamu, nilijiambia. Lakini kila Alhamisi nikiiona ile kofia nyeupe juu ya faroma nilikuwa nageuza uso, na niliogopa kuwa kama fundi yule akipanda treni, ni mimi niliyempandisha.

Ramadhani ilikuwa imebaki wiki mbili hivi ndipo kanda ikaja. Mke wa mjomba alikuwa na kaka yake Maskati, aliyekuwa akiwaletea nguo na manukato kila kulipopatikana mtu wa kumpa. Safari hii katika mzigo kulikuwa na kanda ya video, na juu yake picha ya chombo kilekile cha nahodha, lakini kimechorwa kwa mkono. Mjomba alinipigia kelele kutoka barabarani nije nione. Kumbe waliotengeneza ile filamu ndefu walikuwa wamewapa wachoraji wa Kijapani ulimwengu wao wote, wakawaambia chukueni, ongezeni. Wachoraji wakatengeneza katuni fupifupi sita. Hakuna iliyorudia filamu. Kila moja ilichukua kipande ambacho filamu ilikipita mbio, ikakaa nacho.

Nilikuwa na desturi ya kuangalia kila kanda peke yangu kabla ya Jumapili, ili niupange uongo wangu mapema. Hiyo niliiangalia Ijumaa asubuhi, mjomba akifagia. Ya kwanza ilikuwa ya mafundi waliokijenga chombo, wanaijua kila parafujo lakini wao wenyewe hawatapanda. Ya pili ya mtoto aliyezaliwa safarini, anayeulizwa mvua ni nini naye anachora mistari kwenda juu badala ya chini. Sijawahi kuona vitu kama vile. Nilizoea katuni za paka anamfukuza panya. Hizi zilikuwa na macho makubwa yanayong'aa, na zilikuwa na ujasiri wa kunyamaza. Picha inasimama, upepo unapeperusha nywele, hakuna anayesema lolote, na wewe unajikuta umeshika roho. Halafu kila katuni ilikuwa na mchoraji wake, na kila mchoraji alimchora nahodha kwa sura yake. Hapa mwembamba, pale ana mashavu, pengine kijana kabisa. Ulimtambua kwa kiraka cha bluu tu begani.

Ya nne ilikuwa ya mke.

Niliiangalia mara moja, nikasimamisha deki, nikaenda nje kwa mjomba. Nikamweleza yote, mpaka habari ya posa. Mjomba alikuwa mtu asiyependa mambo mazito. Alisimama na fagio lake, akafikiri.

"Si uipeleke mbele tu? Ikifika ya nne bonyeza, tuingie ya tano. Nani atajua?"

"Nitajua mie."

"Haya, basi mweleze."

"Atanichukia."

"We tatizo lako," mjomba akasema, "unataka kusema kweli halafu upigiwe makofi."

Hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa sawa kabisa. Jioni ile nilivuka ua kwenda kwa jirani nimejipanga kusema. Nilimkuta barazani anaivua kofia kwenye faroma, maana Ijumaa ilikuwa imekwisha na mwenyewe hakuja kuivaa. Aliikunja kwenye kitambaa kwa taratibu. Aliniuliza nimefuata nini. Nikasema nimekuja kuomba chumvi. Nyumbani mama aliniuliza chumvi yote ile ya nini.

Jumapili banda lilifurika. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba kuna katuni, na kila mama alikuja na watoto wake, tena na wa majirani, kwani kwao katuni ilikuwa kitu cha watoto. Kosa hilo lilijirekebisha lenyewe. Katika katuni ya kwanza watoto walikaa kimya wakingoja paka. Katika ya pili wakaanza kufinyana. Ya tatu ilipoanza na mashine inayozeeka peke yake ndani ya giza, watoto wote walikuwa nje wanacheza na mjomba wangu, na wazazi wao wamebaki ndani, shingo mbele.

"Huyu ni nahodha yuleyule?" muuza maandazi aliuliza. "Mbona kabadilika uso tena?"

"Tazama begani," nikasema, nikaonyesha kwa mwanzi. "Kiraka kilekile. Kila mchoraji anamchora anavyomjua."

Jirani yangu akasema, kama anajisemea, sindano mkononi, "Hata mie siku hizi nikimkumbuka wangu anakuja na sura tofauti. Juzi kaja na ndevu. Hakuwa na ndevu."

Hakuna aliyecheka. Nami nilikuwa nimesimama pale na katuni ya nne inaanza.

Nyumba ile ndogo jangwani. Meza, na kikombe. Mke anaingia, anachemsha maji, anamimina chai katika kile kikombe cha mume, anakaa mkabala nacho. Chai inapoa. Anaichukua anakwenda kuimwaga dirishani. Basi. Giza, mwanga, chai tena. Akina mama wakanigeukia, kwa sababu hapakuwa na maneno ya Kiingereza wala ya lugha yoyote, sauti ya birika tu, na walijua pasipo na maneno ndipo mimi huwa na maneno mengi zaidi. Nilifungua mdomo. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema anajiandaa, mumewe yuko njiani. Nikaushusha mwanzi.

"We Mdomo, vipi?" mtu akasema nyuma.

"Mbona kimya?" jirani yangu akauliza.

Nikaizima deki. Nilimwangalia yeye, nikazungumza na yeye, ingawa wote walisikia.

"Dada, siku ile niliwadanganya. Sikuiona mwisho. Kanda ilikatika mbele yenu, nikatunga. Sijui kama nahodha alirudi. Sijui kabisa."

Hapo palizuka zogo. Wengine walicheka, wengine walinitolea maneno, na muuza maandazi alidai machozi yake. Yule bibi aliyetusomesha juzuu alitikisa kichwa na kusema kwamba haya ndiyo mavuno ya kumpa mtoto fimbo. Nililia, na sikujali nani ananiona. Jirani yangu peke yake alikuwa ameisimamisha sindano katika kitobo. Niliona anahesabu kitu kichwani, labda miezi ile mitatu, labda miaka saba.

Kisha akasema, "Rudisha mwanzo. Na leo usiseme kitu."

Nikarudisha. Tukaangalia kwa kimya, banda zima, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Chai inamiminwa, chai inapoa, inamwagwa dirishani. Siku zinapita upesi. Chini ya dirisha, pale chai ilipokuwa ikimwagwa, panatokea jani. Mwanamke halioni. Linakuwa mche, mche unapanda ukutani, unazunguka fremu ya dirisha, siku moja tawi linaingia ndani na kugusa meza. Hapo ndipo mke anapogeuka. Anaangalia nje, anaona mti mzima ambao ameumwagilia miaka yote bila kujua, katika nchi isiyo na kitu kibichi hata kimoja. Anakaa. Mchoraji anamwacha akae kwa muda mrefu sana. Halafu anainuka na kikombe.

Ni hapo jirani yangu alipoanza kusema. Hakusimama, wala hakupandisha sauti. Alikuwa anaeleza kama mtu anayeeleza kilichopo mbele yake.

"Anakwenda kukiosha. Tazameni, hakitupi wala hakivunji. Anakiosha vizuri, na mkono wa kikombe. Sasa anakifuta. Anakiinamisha rafuni kikauke. Sasa anachukua mfuko wake. Mlango anaurudishia tu, hafungi na ufunguo, mtu akija ataingia. Huyu mama hajamtupa mtu. Kangoja mpaka mti umefika darini. Mwacheni aende."

Katuni ikaisha. Ya tano ilianza yenyewe, chombo kinapita kwenye nyota, na sidhani kama kuna aliyeifuata. Muuza maandazi alikuwa analia tena, safari hii bila kunidai. Jirani yangu aliendelea kushona mpaka mwisho wa kipindi, akatoka bila kunishika bega.

Siku nne zile nilizihesabu. Hakuja kwetu, nami sikuthubutu kwenda. Alhamisi niliamka mapema nikaenda uani kufagia, ingawa haikuwa zamu yangu. Barazani kwake palikuwa na faroma tupu. Kofia haikuwapo juani, wala juu ya kamba. Nilisimama na ufagio wangu mpaka mama akatoka, naye akatazama, akasema taratibu, "Leo mwenzio hakufua." Siku hiyo alisahau hata kunituma nazi.

Tulikuja kusikia kwamba aliipeleka msikitini, akaiacha kwa atakayeihitaji. Ijumaa ile nilitazama kila kichwa kilichopita barabarani.

Jumamosi alikuja. Mama alikuwapo. Aliketi kwenye mkeka, akaomba maji, akayanywa yote, kisha akasema, "Yule mtu wako wa Tabora, kapanda treni?"

"Bado," mama akasema.

"Mwambie angoje. Nakwenda kwa sheikh Jumatatu. Sheikh anaweza kuchukua muda, na mie siwezi kumwahidi siku."

"Kasema atangoja."

"Basi mwambie." Halafu akanigeukia. "Na we, umenitia aibu mbele za watu, uongo wako umenikalisha miezi mitatu."

"Nisamehe dada."

"Nimekusamehe. Lakini usidhani mie nilikaa kwa ajili ya nahodha wako. Nilikuwa natafuta sababu ya kukaa, na we ukanipa. Ungekuwa umenipa nyingine ningeichukua pia." Akainuka, akakung'uta khanga. "Katuni ile Jumapili iwekwe tena. Bila maneno."

Sheikh aliandika barua ubalozini, akauliza mabaharia, akawaita mashahidi, akangoja majibu ambayo hayakuja. Ramadhani ilipita, na Mfungo Tatu, mwezi wa kuchinja, ukapita. Ndoa ilivunjwa, eda ikakaliwa, na fundi wa Wazo alingoja yote hayo bila kulalamika, ila alikuwa akipita kwetu kila mwisho wa wiki kumsalimia mama, akikaa mahali ambapo upande wa pili wa ua unaonekana. Harusi ilikuwa ndogo na nzuri. Mjomba aliirekodi kwenye kanda mpya kabisa, niliyoikagua mwenyewe kwanza kuhakikisha haina filamu ya mtu. Bi harusi alikuwa amemshonea mume kofia ya viua kwa mkono wake, ya kipimo cha faroma lake la miaka yote, na mchana wa harusi ikagundulika kwamba haiingii. Mtu wa Tabora alikuwa na kichwa kikubwa. Aliivaa imekaa juu kabisa, karibu idondoke, na alitabasamu nayo siku nzima. Faroma likaja kwangu, nikawa naegemezea vitabu.

Kazi yangu iliendelea, ingawa kwa masharti. Kila nilipoanza kueleza jambo, sauti ilitoka gizani: "Hiyo umeiona, au unaitunga?" Nilizoea kujibu. Kuna siku nilisema natunga, wakasema haya, tunga, lakini tujue. Nadhani nilikuwa mtafsiri mzuri zaidi baada ya hapo. Kwa katuni zile sita hawakunitaka niseme kabisa, na tuliziangalia mpaka utepe ukachakaa na mti wa yule mama ukageuka rangi ya zambarau.

Kanda za video zilipokwisha na sahani za DVD kuingia, nilikuta ile filamu ndefu katika kibanda kimoja Temeke, nzima, haina harusi ndani. Niliiangalia nyumbani kwangu mchana, watoto wapo shule. Ilipofika pale ilipokuwa inakatika nilishika kiti.

Nahodha alirudi. Nilikuwa nimepatia, uongo wangu ulikuwa kweli, isipokuwa hakukuwa na mtu mlangoni. Anasukuma mlango haujafungwa. Anaingia bado kijana, na tawi la mti limejaa dirisha. Anatazama meza, hamna kitu. Anatazama rafu, anakiona kikombe kimeinamishwa. Anakaa chini, na filamu inakwisha hapo. Wale Wajapani walikuwa wamekiona kikombe kile kwenye rafu, sekunde mbili tu, wakaenda kutuchorea kilivyofika pale.

Nilikaa na habari hiyo karibu wiki nzima. Niliogopa. Nilikwisha kumwambia jirani mara moja kwamba alirudi, nikamfunga. Mwishowe nilikwenda Wazo. Jirani yangu alikuwa amezeeka vizuri, ana wajukuu wa upande wa mume, mumewe kastaafu na anakohoa kidogo, yuko nyuma anamwagilia mchicha. Yule mume wa kwanza mpaka leo hakuna aliyemsikia. Nilimsalimia shikamoo, nikapewa chai, nikamweleza mwisho wote, safari hii nilivyouona. Alikuwa na kofia ya mumewe mapajani, kubwa, anashona, miwani puani.

"Kwa hiyo alirudi," akasema.

"Alirudi, dada."

"Akamkosa."

"Akamkosa."

Alivuta uzi, akazungusha kitobo, akauvuta tena.

"Na kikombe alikikuta?"

"Alikikuta kwenye rafu. Kimeoshwa, kimeinamishwa."

"Basi," akasema. "Alikuta nyumba safi." Akamwita mumewe aje anywe chai kabla haijapoa.